Mcheza Kwao Hutunzwa: Korongo Taji kutoka Bustanini hadi Kinamasini

Baba yangu alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja iliyo karibu na ufuo wa Ziwa Kivu, hapa Gisenyi. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani, kupogoa ua wa michongoma, kumwagilia maua na, kila manyoya yalipoota upya, kumkata korongo bawa moja. Mwenye nyumba ndiye aliyetoa amri, lakini baba ndiye aliyeshika mkasi. Nilipompelekea chakula cha mchana siku za likizo, nilimkuta ndege yule akitembea taratibu juu ya majani, taji lake la dhahabu likimeremeta kwenye jua. Wageni walimpiga picha. Mimi nilidhani ameamua mwenyewe kukaa pale.

Nilipokuwa darasa la tano, ndege yule aliondoka. Walikuja watu, wakamkagua, wakamvisha pete mguuni, na baadaye wakaja kumchukua. Hakuna aliyefungwa wala kutozwa faini. Kwa miaka mingi nililikumbuka jambo hilo kama kioja cha utotoni tu. Nilipoanza kusoma historia chuoni ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeshuhudia kipande kidogo cha mabadiliko makubwa yaliyotokea nchini kwetu.

Insha hii inaeleza jinsi korongo taji, ambaye kwa Kinyarwanda huitwa umusambi, alivyotolewa katika makazi yake na kuwa pambo la bustani, na jinsi alivyojengewa makazi upya. Hoja yangu ni moja: makazi hayo yameweza kusimama kwa sababu watu waliohusika katika kuyabomoa waliitwa kuja kujenga, badala ya kukimbizwa kama wahalifu.

Bustani na mwenye bustani

Gisenyi ya leo, ambayo ndiyo makao ya Wilaya ya Rubavu, ilianza kukua kama kituo cha mpakani wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ubelgiji yaliingia Rwanda, na baada ya vita Ubelgiji ikakabidhiwa kutawala Ruanda-Urundi. Ufuo wa Kivu, wenye hewa ya ubaridi na mchanga, ukawapendeza Wazungu wa pande zote mbili za mpaka. Zikajengwa nyumba za mapumziko na hoteli, na kila nyumba ikazungushiwa bustani yenye majani yaliyokatwa sawasawa na miti iliyopangwa mistari. Wakoloni walipoondoka, bustani zilibaki. Waliozirithi walikuwa watu wetu wenye uwezo, nao walirithi pia wazo kwamba bustani nzuri ni ile ambayo kila kiumbe ndani yake kimewekwa na mwenyewe.

Korongo taji alifaa sana kwa wazo hilo. Ana urefu wa takriban mita moja, shingo ya kijivu, mashavu meupe na kidevu chekundu. Hutembea kwa madaha na hucheza: huinamisha kichwa, hufungua mabawa na kuruka juu, mara nyingi akiwa na mwenzake. Kwa Wanyarwanda wengi ni ishara ya utajiri na ya maisha marefu. Majirani zetu wa Uganda walimweka katikati ya bendera yao mwaka 1962. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na korongo nyumbani hakuonekana mkatili. Alionekana mtu mwenye heshima na anayependa uzuri.

Ila uzuri huo ulikuwa na gharama yake. Vifaranga walikamatwa kinamasini kabla hawajaweza kuruka, wakauzwa mjini. Ili wasitoroke walikatwa manyoya ya bawa, na wengine walivunjwa mfupa wenyewe. Wengi walikufa njiani au katika majuma ya kwanza. Waliopona waliishi miaka mingi bila kupata kifaranga hata mmoja, kwa maana korongo anayefugwa namna hii ni nadra mno kuzaa. Korongo taji huchagua mwenza mmoja na kukaa naye, hutengeneza kiota cha nyasi zilizokandamizwa katikati ya maji ya kina kifupi, na usiku hulala juu ya mti. Bustani ya ufukweni haina kinamasi, na ndege aliyekatwa bawa hawezi kuufikia mti. Yaani alipewa kila kitu ila yale mawili aliyoyahitaji.

Nilimuuliza baba kama aliyajua hayo. Alinijibu: "Mwanangu, mimi nilijua anakula mahindi na kwamba hapendi mbwa. Hayo mengine hakuna aliyetuambia."

Nyumba iliyokauka

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuwalaumu wenye bustani peke yao. Korongo alikuwa anapoteza nyumba kinamasini kwa sababu nyingine pia. Rwanda ni nchi ya milima, yenye eneo la kilomita za mraba 26,338 na watu wengi. Mteremko unapojaa mashamba, jicho la mkulima hushuka bondeni, na bondeni ndiko kuliko na vinamasi. Mtaro unachimbwa, maji yanatoka, viazi au mpunga unapandwa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walirudi nyumbani na walihitaji ardhi. Mwaka 1997 hata Hifadhi ya Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilipunguzwa sana ili watu wapate mahali pa kukaa. Ni vigumu kumwambia mtu asiye na paa juu ya kichwa chake awaze kuhusu kiota cha ndege.

Mfano ulio wazi zaidi ni kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa nchi. Maji yake hulisha Ziwa Burera, na kutoka Burera huteremka hadi Ziwa Ruhondo kupitia mitambo ya umeme ya Ntaruka. Sehemu za Rugezi zilipokaushwa kwa kilimo, kina cha Burera kilishuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ntaruka ilikosa maji ya kutosha. Taa zikaanza kuzimika mjini, na serikali ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Hapo ndipo watu wa Kigali, ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga Rugezi, walipogundua kwamba kinamasi si ardhi isiyo na kazi. Ukaushaji ulisimamishwa, na mwaka 2005 eneo la Rugezi, Burera na Ruhondo, lenye hekta 6,736, likaandikishwa katika orodha ya Ramsar ya vinamasi vyenye umuhimu wa kimataifa.

Ninautaja umeme kwa makusudi. Rugezi haikuokolewa kwanza kwa ajili ya ndege. Iliokolewa kwa ajili ya balbu, na ndege wakanufaika. Makazi ya wanyama hudumu pale ambapo binadamu naye anaona faida yake.

Msamaha badala ya faini

Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira uliingiza korongo taji wa kijivu katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Nchini kwetu, daktari mmoja wa mifugo, Olivier Nsengimana, ambaye alikuwa amefanya kazi ya kutibu sokwe wa milimani, aliamua kulishughulikia jambo hili. Mwaka 2014 alipata Tuzo ya Rolex kwa vijana wabunifu, na mwaka huohuo mpango wa kuwatoa korongo bustanini ukaanza kwa kushirikiana na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda. Mwaka uliofuata likaundwa shirika la Rwanda Wildlife Conservation Association.

Kufuga korongo bila kibali kulikuwa tayari ni kinyume cha sheria. Njia rahisi ingekuwa kutuma askari nyumba hadi nyumba. Lakini fikiria ingekuwaje. Mwenye ndege angemficha, angemuuza usiku au angemchinja kupoteza ushahidi. Kwa hiyo ikatangazwa redioni na kwingineko kwamba anayefuga korongo ajitokeze, amwandikishe ndege wake, na hataadhibiwa. Ndege aliyeandikishwa alivishwa pete yenye namba ili asije akabadilishwa na mwingine mpya. Waliobainika kuwa na afya walikaa kwanza karantini, wakapimwa magonjwa, kisha wakapelekwa Akagera, mashariki mwa nchi. Huko walikaa katika eneo lililoandaliwa kando ya maji huku manyoya yakiota. Siku bawa lilipokuwa tayari, ndege aliruka mwenyewe na kwenda zake.

Zaidi ya korongo 200 walitolewa bustanini kwa njia hiyo. Bosi wa baba hakuwa na furaha siku ile, lakini alifungua lango. Baba anakumbuka kwamba mmoja wa waliokuja alimuuliza yeye, si bosi, maswali yote: ndege anakula nini, analala wapi, bawa lilikatwa lini mara ya mwisho. "Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza kuhusu yule ndege kama mtu anayejua," aliniambia. Nadhani siri ya mpango ule imo katika maneno hayo. Mtu aliyeshika mkasi aligeuzwa kuwa shahidi na msaidizi.

Je, vipi kuhusu wale ambao mfupa wa bawa ulikuwa umevunjwa? Hao hawawezi kurudi porini hata manyoya yaote namna gani. Kwa ajili yao ulijengwa Umusambi Village, nje kidogo ya katikati ya Kigali, mahali penye hekta 21 palipokuwa pameharibiwa, pakarudishiwa maji, nyasi na miti ya asili. Zaidi ya korongo 50 wenye ulemavu walihamishiwa huko. Baada ya maji kurudi, viumbe wengine walikuja bila kuitwa: leo aina zaidi ya 100 za ndege zimeonekana humo, pamoja na vyura, kerengende na vipepeo. Hivyo kibanda kilichotengenezwa kwa mgeni mmoja kimekuwa nyumba ya ukoo mzima.

Umuganda: mti wa kujengea

Makazi ya Rugezi na ya vinamasi vingine hayakuweza kuzungushiwa ukuta. Yanalindwa na watu wanaoishi kando yake. Shirika nililolitaja liliajiri walinzi kutoka vijiji vya karibu na Rugezi, likafundisha wahamasishaji wa kujitolea katika vijiji, likapeleka vitabu vya picha mashuleni, na likashirikiana na wanakijiji kuotesha na kupanda miti ya asili. Kazi ya namna hii huwakuta Wanyarwanda wakiwa na desturi iliyo tayari, yaani umuganda.

Historia ya neno hilo inastahili kuangaliwa kwa makini. Umuganda kwa maana yake ya awali ni mti wa kujengea nyumba. Jirani alipojenga, watu walimletea miti na mikono yao, naye alifanya vivyo hivyo zamu yao ilipofika. Ukoloni ulileta kazi ya namna nyingine, ya shuruti na kiboko, ambayo wazee waliiita akazi. Mwaka 1974 serikali ya Rais Habyarimana iliufanya umuganda kuwa wajibu kwa wananchi. Kisha, mwaka 1994, waandaaji wa mauaji ya kimbari walilinajisi hata neno "kazi", wakalitumia kwa maana ya kuua. Baada ya hapo ilibidi taifa lijifunze upya kufanya kazi pamoja bila kuogopana. Umuganda ulihuishwa, na mwaka 2007 ukawekewa sheria: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65.

Ninasema haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba ushirikiano ni jambo la asili tu katika Afrika, kama mvua. Sivyo. Mikono ileile inaweza kujenga au kubomoa, na neno lilelile linaweza kuita watu kwenye heri au kwenye shari. Mradi wa jamii unategemea mambo mawili: aliyeita anaaminika kiasi gani, na aliyeitwa anapata nafasi gani ya kusema. Pale ambapo watu huitwa kuchimba mashimo ya miti tu, kisha miti ikachaguliwa na ofisi, ni kawaida kukuta miche imekauka mwezi unaofuata. Pale ambapo mkataji wa nyasi ameulizwa kiota kiko wapi, nyasi za pale huachwa hadi vifaranga waondoke.

Ukuta wa Waterton

Kuna mfano wa zamani kutoka Uingereza unaosaidia kulipima jambo hili. Bwana mmoja tajiri, Charles Waterton wa Walton Hall, Yorkshire, aliwajengea bundi nyumba ya mawe mwaka 1813, wakati majirani zake waliwaua wakidhani huleta nuksi. Kati ya mwaka 1821 na 1826 alijenga ukuta wa takriban kilomita 5 kulizunguka shamba lake, akapiga marufuku bunduki ndani yake, akaandaa mahali pa viota vya ndege wa aina nyingi. Watu wa kawaida waliruhusiwa kuingia kutazama. Wanahistoria wengi humtaja kama mmoja wa waanzilishi wa hifadhi za wanyama duniani, na anastahili sifa hiyo.

Lakini Waterton alifariki mwaka 1865, na kazi yake haikudumu. Mwanawe hakuwa na mapenzi ya baba yake. Aliwaleta wawindaji ndani ya ukuta uleule, na baadaye mali ikauzwa. Ukuta ulibaki umesimama, bali ulinzi ulikuwa umekwisha. Majirani waliokuwa nje ya ukuta kwa miaka 40 hawakuwa na haki wala sababu ya kusema "hapana".

Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Nyumba ya wanyama iliyojengwa na mtu mmoja hufa na mtu huyo. Iliyojengwa na kijiji haina mrithi mmoja wa kuiuza.

Hesabu na mashaka

Je, kazi hii imezaa matunda? Hesabu ya kitaifa ya korongo ilianza mwaka 2017, ikafanywa kila mwaka kwa watu wanaotembea vinamasini na kwa ndege inayopita juu. Mwaka ule walihesabiwa korongo 487 nchi nzima. Kufikia mwaka 2022 walikuwa wamepita 1,000. Ongezeko hilo haliwezi kutokana na ndege waliotolewa bustanini peke yao, maana hao hawakufika hata 300. Kwa sehemu kubwa lazima lihusiane na vifaranga waliopona kinamasini, na pengine pia na wahesabuji kuzidi kuwa hodari.

Pamoja na hayo, mwanafunzi wa historia hapaswi kugeuka mpiga debe. Wakulima wanaolima kandokando ya kinamasi wanalalamika kwamba korongo hufukua mbegu za mahindi. Mama anayekwenda kukata nyasi za mbuzi wake naye ana watoto wa kulisha. Kinamasi kinapolindwa kwa faida ya taifa na ya dunia, hasara ndogondogo hubebwa na watu wachache walio karibu nacho. Msamaha wa 2014 uliwahusu wenye bustani, yaani watu wenye mali. Itakuwa haki kama mwenye jembe naye atasikilizwa kwa upole uleule, na zaidi ya upole, apewe kazi na kipato kutokana na ulinzi huo.

Sisi wa Rubavu tuna sababu yetu wenyewe ya kulijali hili. Msitu wa Gishwati, uliokuwa na takriban hekta 28,000 katika miaka ya 1970, ulibaki na mia chache tu mwanzoni mwa karne hii, kabla ya kuanza kurudishwa na kutangazwa kuwa sehemu ya Hifadhi ya Gishwati-Mukura. Mto Sebeya huteremka kutoka huko hadi ziwani kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua na maporomoko viliua watu zaidi ya 130 nchini, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Mlima usio na miti humwaga maji juu ya nyumba ya ndege na juu ya nyumba ya mtu bila kuchagua.

Hitimisho

Mwaka jana nilimpeleka baba Kigali kumwona shangazi, nikamwomba tupite Umusambi Village. Tulisimama kwenye njia ya mbao, korongo wawili wakawa wanacheza mbele yetu. Mmoja bawa lake lilining'inia. Baba alilitazama bawa lile muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Wetu nilimkata manyoya tu. Mfupa sikuugusa." Nikamwambia kwamba basi bila shaka aliruka. Hakujibu, ila njia nzima ya kurudi Gisenyi alikuwa akinieleza mambo ya yule ndege ambayo hakuwahi kunisimulia: jinsi alivyokuwa akicheza peke yake mvua ilipoanza, na jinsi alivyokuwa akitazama juu makundi ya ndege yalipopita.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Tulizoea kulitumia neno hili kwa watu. Lakini korongo naye huchezea kwao, na kwao si bustani yetu. Mahali ambapo bado tuna bustani, tunaweza kuacha pembe moja isifyekwe, tukapanda mti wa asili na kuacha maji kidogo yatulie. Atakayekuja atakuja kwa hiari yake. Mahali ambapo bado tuna kinamasi, tuwaulize kwanza wanaokijua: mkata nyasi, mvuvi, mchunga mbuzi, na hata yule aliyewahi kushika mkasi. Hao ndio miti ya kujengea.